Mama Bendera Hafuati Upepo

Ukitaka kumkasirisha Mama Bendera, mwambie ile methali ya bendera kufuata upepo. Mimi nilimwambia siku moja kwa utani, nikiwa namsuka mteja mlangoni pangu, naye akipita na bendera ya kanisa imeviringishwa begani. Alisimama. "Upepo wa wapi?" akaniuliza. "Hii yangu, upepo ndio unaifuata." Akaenda zake. Mteja wangu alicheka mpaka nikakosea mistari, nikalazimika kufumua na kuanza upya.

Tulikaa ploti moja ya vyumba vya kupanga mtaani Gatina kwa miaka kumi na moja, mlango wake ukitazamana na wangu, katikati yetu kamba za nguo na mfereji mmoja wa maji. Habari za alikozaliwa na ukoo wake sitazigusa, kwa sababu sizijui vizuri, na yeye mwenyewe alikuwa akizibadilisha kulingana na anayemsikiliza. Ninachojua ni kwamba alitoka Magharibi, alilea watoto watano katika chumba kile kile kimoja, watoto wakaondoka, mzee wake akafariki, naye akabaki na kitanda, jiko, pasi ya makaa na bendera.

Watu wa kanisa lake huvaa kanzu nyeupe, na kila Jumapili kabla ya ibada huzunguka mitaani wakiimba na kupiga ngoma. Yeye ndiye aliyekuwa akitangulia. Mbele yake hapiti mtu. "Ngoma hufuata bendera," alikuwa akisema, "na bendera humfuata Mungu. Sasa wewe unayetaka kupita mbele, unaenda kumwambia Mungu nini?" Hata mzee wa kanisa hakusamehewa. Jumapili moja mvua ilianza kunyesha, mzee akaongeza hatua ampite akajikinge. Mama Bendera aliteremsha mti wa bendera ukamzuia kifuani kama kizuizi cha polisi barabarani. Wote walilowa kwa utaratibu.

Nasema haya mapema ili uelewe uzito wa jambo lililotupata baadaye, tulipolazimika kuamua kama mama huyu angeendelea kukaa peke yake nyuma ya ule mlango wake wa buluu, au arudishwe mashambani, mbali na bendera yake.

Kanzu yake ilikuwa nyeupe mpaka inaudhi. Jumamosi ilikuwa siku ya kanzu, na ploti nzima ilijua hivyo. Alfajiri anafua, saa nne anaanika na kukaa chini ya kamba akilinda vumbi lisipite, kana kwamba vumbi la Gatina linaogopa mtu. Jioni anapiga pasi. Ungemsikia akipuliza makaa na kuimba, na ole wako umsemeshe kabla hajamaliza kola.

Alichukia umbea. Alisema umbea ni dhambi inayoingilia masikioni, halafu akaketi hapo hapo kwenye kistuli changu akaniambia nani amehama, nani ana mimba, na nani amenunua televisheni kubwa kuliko meza yake. Televisheni pia aliichukia, isipokuwa mpira ukichezwa. Hapo alikuwa akiingia nyumba yoyote yenye skrini bila kubisha, anakaa mbele ya watoto, na refa akikosea anamtukana kwa Kiluhya. Nilimuuliza mara moja anasema nini. Akaniambia anamwombea.

Lakini kitu kimoja hakuwahi kukibadilisha: hakupokea msaada. Ukimbebea mtungi wa maji asubuhi, jioni utamkuta amekubebea wako. Mwanangu alipougua kifua, yeye ndiye aliyemfunga mgongoni kwa leso akatembea naye mpaka zahanati, kwa sababu alisema boda boda hazina adabu. Nilipotaka kumshukuru kwa kilo mbili za sukari, alinirudishia. "Nikianza kusaidiwa," akasema, "nani atabaki wa kusaidia?" Tulimwona mkarimu. Alikuwa mkarimu kweli. Ila ilikuwa pia ni woga, na hilo nilichelewa kulijua.

Dalili ya kwanza tuliila. Sitafuti maneno mazuri, ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa na sufuria kubwa ya siku za watoto, aliyoiweka chini ya kitanda kwa miaka mingi. Siku moja akaanza kusonga ugali ndani yake. Ugali wa watu saba, na mrenda wa watu saba, kila jioni. Anatoka mlangoni anaita: "Njooni mle, chakula kimekuwa kingi!" Nasi tulikwenda na sahani zetu. Nakiri kwamba kuna siku niliacha kuwasha jiko langu kabisa. Tukasema mama amepata neema.

Jioni moja alihesabu sahani kwa kidole, akatazama langoni, akauliza, "Na huyu wa mwisho bado hajatoka shule?" Kitinda mimba wake ni mwanaume mwenye ndevu anayeishi Mombasa. Nilicheka, nikidhani anatania. Yeye pia alicheka, lakini baada yangu.

Kicheko kile kilikaa nami. Nikaanza kuona. Alitoka kwenda kanisani na sweta nzito siku ya jua kali, na alipoinama nikaona chini yake, mgongoni mwa kanzu, alama ya kahawia yenye umbo la pasi. Akaniuliza mara tatu kwa asubuhi moja kama maji yametoka, na ndoo yake mwenyewe imejaa mkononi. Mchana mmoja nilisikia harufu, nikasukuma mlango wa buluu, nikamkuta amelala kitandani, jiko la makaa linawaka ndani na dirisha limefungwa. Nilitoa jiko nje, nikampepea kwa leso. Alipozinduka aliniambia, "Nilikuwa najua." Sikubishana naye. Wala sikumwambia mtu.

Baadaye nikaja kujua kwamba jirani wa pili alikuwa akimfungia mlango alioacha wazi, na muuza mboga alikuwa akimrudisha kutoka kona anayopotelea. Kila mtu alikuwa na siri yake ndogo, kila mtu akidhani ni yeye peke yake. Kwa upendo wetu wote tulikuwa tunamsaidia asionekane.

Halafu ikaja ile Jumapili.

Mimi si wa kanisa lao, lakini ngoma yao naipenda, na asubuhi hiyo nilikuwa nikitoka kununua maziwa, nikajikuta nafuata. Mama Bendera mbele, nyuma yake Mama Ngoma, rafiki yake wa miaka yote, mjane kama yeye, mwanamke mfupi mwenye mikono minene anayepiga ngoma kama anayeidai kitu. Nyuma yao waumini kama arobaini. Walipofika njia panda, badala ya kurudi kanisani, Mama Bendera akashika njia ya Kawangware 46, mtaa wa jirani. Niliwaona watu wakitazamana. Lakini walifuata tu, kwa sababu nani angepita mbele ya bendera?

Wakaenda wakiimba mpaka kwenye lango la nyumba ya ghorofa tano. Mahali pale zamani palikuwa na kanisa lao la mabati. Kiwanja kilichukuliwa, kanisa likahamia Gatina, na hilo lilikuwa jambo la miaka minne iliyopita. Mama Bendera akasimamisha bendera mbele ya lango. Na sheria yao nyingine, aliyoilinda yeye mwenyewe, ni kwamba bendera ikisimama ngoma hainyamazi. Basi wakaimba. Wapangaji wakatoka kwenye roshani na vikombe vya chai. Watoto wakacheza. Mlinzi akafungua kidirisha cha lango, akachungulia, akasema, "Watu wangu, kuna harusi? Mbona sijaambiwa?" Mwanamke mmoja wa ghorofa ya tatu alipiga vigelegele. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, wa tatu ukaanza, na mimi na maziwa yangu tulikuwa tunacheka kama wengine.

Kisha nikaona mkono wake. Alikuwa ametoa ufunguo wa kanisa, anaoutunza yeye, kutoka kifuani, anaujaribu kwenye lango la chuma lisilokuwa na tundu la ufunguo upande huo. Anaujaribu juu, anaujaribu chini, polepole, na uso wake ulikuwa na hofu ambayo sikuwahi kuiona kwake. Kicheko kilinikauka.

Mama Ngoma naye aliona. Bila kuacha kupiga, akapaza sauti: "Tumebariki mahali petu pa zamani! Tuwabariki na wanaokaa hapa sasa! Dada yangu, turudishe nyumbani!" Watu wakaitikia amina, wapangaji nao amina, mlinzi akavua kofia. Mama Bendera akarudisha ufunguo kifuani na kugeuka. Mpaka leo kuna watu wa ghorofa ile wanaouliza baraka ya pili italetwa lini.

Jumatatu nilifunga kazi nikaenda Kibera kwa miguu, mpaka kijiji cha Raila, kumtafuta mwanawe wa pili. Ni fundi wa mabati. Mama yake alikuwa akijivuna naye kuliko bendera: "Hakuna paa la mwanangu lililowahi kuvuja. Uliza kote." Nilimkuta juu ya paa la mtu, nyundo mkononi na misumari mdomoni.

"Shuka kwanza," nikamwambia.

"We sema tu, nakusikia. Mathe ako aje?"

"Ako sawa." Nilikuwa nimezoea kusema hivyo. "Hapana. Hayuko sawa."

Alitema misumari kwenye kiganja, akashuka. Nikamweleza yote, sufuria, pasi, jiko, lango. Alisikiliza akitazama viatu vyake.

"Na mimi nikipiga simu ananiambia amekula, amelala poa, kanisa iko poa."

"Anakwambia ukweli wa zamani."

"Kwangu ni chumba moja, unajua. Mathe hawezi kulala nyuma ya pazia na mimi na bibi yangu tuko upande ule mwingine. Kwetu hiyo kitu haifanyiki. Heri alale nje." Akajifuta jasho. "Basi itabidi nimpeleke ocha, mashambani."

"Huko kuna nani?"

"Kuna nyumba," akasema, na hata yeye alisikia jinsi lilivyokuwa jibu baya.

Alikuja Jumamosi hiyo. Tulikaa uani, chini ya kamba zenye kanzu. Mama Bendera alisikiliza mpaka mwisho, mgongo umenyooka. Kisha akasema, "Nyumbani kuna makaburi na migomba. Nitaibebea nani bendera, migomba?" Mwanawe akaanza kusema juu ya jiko na makaa, na hapo akajua habari imetoka wapi. Akanigeukia. "Mwanangu, nilikulisha. Ndio ukaenda Raila kunisema?"

Nilikuwa nimefanya jambo la haki na nilijisikia mwizi. Kwa wiki mbili hakunisalimia. Alipita mbele yangu akamwambia mteja wangu habari ya asubuhi, mimi nikiwa nimeshika kitana hapo hapo. Kijana alisema atamchukua mwisho wa mwezi. Kanisa nalo likaanza kunong'ona kwamba bendera apewe mwenye macho. Niliona kanzu ikianikwa Jumamosi na nikawaza, zimebaki Jumamosi mbili.

Siku moja kabla ya safari, kijana amekwisha kufunga mizigo kwa kamba, Mama Ngoma aliingia ploti na godoro kichwani, ngoma mgongoni, na kilio kikubwa kuliko vyote viwili.

"Dada yangu, nimekwisha! Paa linavuja! Nimelala kwa maji! Nitaenda wapi mimi na miguu hii?"

Mama Bendera aliinuka. "Paa lipi? Si ni huyu wangu aliezeka?" Akamgeukia mwanawe. "Si ni wewe?"

"Ni mimi, mathe."

"Na linavuja?"

Yule kijana alimtazama Mama Ngoma, akatazama mizigo, akatutazama sisi majirani tuliosimama milangoni. Nadhani hakuwa ameambiwa kitu. Nilimwona akielewa pale pale. Akainamisha kichwa.

"Linavuja, mathe. Nilifanya haraka. Sikupiga misumari poa."

Mama yake alisonya msonyo mrefu. "Aibu gani hii mbele ya watu! Fungua hiyo mizigo. Nitaendaje safari na dada yangu amelowa? Ingia, dada. Watoto wa siku hizi wanaharibu kazi, wazazi ndio wanatengeneza."

Basi Mama Ngoma akaingia, na mpaka leo hajatoka.

Waligombana tangu chai ya kwanza. Huyu anataka sukari, yule anasema sukari ni ya watoto. Huyu anakoroma, yule anaamka kumwambia anakoroma. Ploti ilipata burudani isiyohitaji umeme. Lakini mimi, mwenye mazoea ya kutazama mikono, niliona mengine. Sufuria kubwa ilijaa unga ghafla, kwa sababu Mama Ngoma alisema hana pa kuuweka, kwa hiyo ugali ukasongwa katika ile ndogo. Jiko lilihamia nje, kwa sababu Mama Ngoma alisema anaogopa makaa tangu utotoni. Na Jumamosi alijifanya hajui kupiga pasi. "Nifundishe, dada," anasema, anasimama ubavuni, na pasi ikikaa sana mahali pamoja anauliza swali. Mama Bendera anainua pasi ili ajibu vizuri. Mwanamke yule alikuwa amepiga pasi nguo za watu kwa miaka ishirini.

Bendera ndiyo iliyokuwa kazi ngumu. Mzee wa kanisa alikuja na maneno laini, kwamba mama apumzike. Mama Ngoma akamjibu mlangoni, "Ngoma hufuata bendera, sawa. Nani alisema bendera ni kiziwi?" Jumapili iliyofuata nikasimama njia panda kutazama. Bendera ilipofika pale ikasita. Mama Ngoma akagonga ukingo wa ngoma mara mbili, ta-ta, mbao tupu, bila kuharibu wimbo. Bendera ikakata kushoto. Kona ya pili akagonga mara moja, ikaenda kulia. Watu wa kanisa walidhani ni mapambo mapya ya mdundo, vijana wakaanza kuyaiga kwa makofi.

Mimi nilihama mwaka jana, nikapata kibanda cha kusukia upande wa 46, si mbali na ile ghorofa yenye baraka. Kazi ikanimeza, nikakaa miezi bila kwenda Gatina, na ninajilaumu. Jumapili moja nikasikia ngoma ikija. Nilimwacha mteja na nusu ya kichwa, nikatoka.

Walikuwa wamepumzika kivulini, kando ya barabara, bendera imelazwa. Mama Bendera alikuwa amekonda. Kanzu ilikuwa nyeupe mpaka inaudhi.

"Mulembe, mama," nikamsalimia.

Alinitazama muda mrefu. Jina langu halikuwapo, niliona akilitafuta asilipate, na niliumia. Kisha akashika mkono wangu, akaugeuza, akapitisha kidole juu ya vidole vyangu vyenye mafuta na nyuzi.

"Hii ni mikono ya kusuka."

"Ndiyo, mama."

"Wewe ndiye ulienda Raila."

"Ni mimi, mama."

"Ulienda kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Na jua lilikuwa kali siku hiyo," akasema, akaendelea kuushika mkono. Nililia, na sioni haya kusema. Alingoja nimalize, halafu akanivuta karibu, akaongea kwa ile sauti yake ya umbea.

"Lile paa halivuji."

"Paa lipi, mama?"

"La huyu." Akaonyesha kwa kidevu. Mama Ngoma alikuwa mbali kidogo, anakaza kamba za ngoma yake. "Mwanangu haezeki paa likavuja. Nilikuwa pale, nilimpitishia misumari mwenyewe, mmoja mmoja."

"Ulijua siku ile ile?"

"Kijana wangu alikubali kuitwa fundi mbaya mbele ya watu wote. Mama aseme nini tena?" Akamtazama rafiki yake akihangaika na fundo. "Halafu yule naye amezeeka, huoni? Hawezi kukaa peke yake. Usimwambie kama najua. Ataona haya."

Nikamwahidi. Mzee wa kanisa akaita, watu wakajipanga, naye akainua bendera na kwenda kusimama mahali pake. Pale barabara inapogawanyika alisita. Ile kona ana hofu nayo, maana upande wa kulia ni ghorofa na lile lango. Wimbo ukaendelea, kanzu arobaini zikasubiri nyuma yake, hakuna aliyesogea.

Ta-ta, ukingo wa ngoma ukalia.

Mama Bendera aligeuka kushoto taratibu, kama mtu aliyeamua mwenyewe, na mbele yake hapakuwa na mtu.